Katamarani ya plaiwudi na epoksi: nilivyoijenga Nungwi

Gogo nene la mwembe la kuchonga ngalawa ya mita 6 halipatikani kirahisi tena kwetu Nungwi, Unguja, na likipatikana, bei yake inamtoa mtu jasho. Nilipotaka chombo changu cha tanga cha kupeleka wageni kwenye miamba, niliacha habari ya gogo nikanunua michoro ya Tiki 21. Hiyo ni katamarani, chombo cha mitumbwi miwili iliyounganishwa sambamba, ya mita 6.4, iliyobuniwa na Mwingereza James Wharram, yule aliyejenga katamarani iitwayo Tangaroa mwaka 1954 kisha akavuka nayo Atlantiki mpaka Trinidad. Michoro yake ni ya mtu wa kawaida mwenye msumeno na subira, si ya kiwanda.

Plaiwudi ndiyo iliyonichelewesha. Dukani kila karatasi inaitwa "ya majini", lakini muhuri hauzuii maji. Nilikuwa naomba kipande cha pembeni, nakichemsha sufuriani saa kadhaa, nakikausha juani, halafu nakichemsha tena. Kinachoachana tabaka hakifai hata kwa mlango wa banda. Nilikata pia vipande kwa msumeno kutazama ndani, kwa sababu tundu lililojificha kati ya tabaka ndimo maji yatakamokaa. Iliyofaulu ilikuwa ya milimita 6, nyepesi. Karatasi ya okoume, mbao nyepesi, ya kipimo hicho, ya mita 2.44 kwa 1.22, haizidi sana kilo 9. Nasisitiza uzito kwa kuwa katamarani hupata mbio zake kwa mitumbwi yake kuwa myembamba na myepesi. Chombo cha mwili mmoja chenye mita 6 kwenye mstari wa maji hugota karibu noti 6 (maili 6 za bahari kwa saa), kikizuiwa na wimbi lake chenyewe. Mtumbwi ambao urefu wake ni mara kumi au zaidi ya upana wake majini haukamatwi hivyo. Lakini ukiujaza mizigo unazama, unanenepa majini, na faida yote inakwisha.

Karatasi za ubavu huunganishwa kwa kuchonga ncha mshazari, urefu mara nane ya unene, yaani milimita 48 kwa ubao wa 6. Kisha unatoboa matundu kandokando na kuzishona kwa waya wa shaba. Wazee waliokuwa wakipita pwani hapo ndipo walipovutiwa. Mmoja, fundi wa majahazi tangu ujana wake, alichuchumaa akapitisha kidole kwenye mshono. "Mwanangu, hii mtepe," akasema. Hakukosea. Mitepe, vyombo vya zamani vya Lamu, ilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Tofauti ni kwamba waya wangu ulikuwa wa kushikilia tu mpaka gundi iliyochanganywa na unga wa mbao ikauke kwenye pembe ya ndani.

Sasa gundi yenyewe, yaani epoksi. Joto likipanda nyuzi 10, epoksi hukauka kwa takriban nusu ya muda, na maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Ukiiacha ndani ya kikombe kirefu mchana wa kaskazi, inachemka, inatoa moshi, inakuwa jiwe. Kwa hiyo niliagiza kigumisho (kile kinachochanganywa na epoksi ili ikauke) cha polepole, nikachanganya kidogo kidogo kwa mizani ya jikoni, nikamimina mara moja kwenye sinia pana. Kazi kubwa ilianza baada ya Alasiri, chini ya banda la makuti. Sababu ya pili ya kufanya jioni ni kwamba mbao inayopoa inavuta gundi ndani, ile inayopata joto inapuliza mapovu. Kila tabaka lililokauka nililiosha kwa maji na kitambaa kabla ya kulipiga msasa, maana unyevu wa pwani huacha utelezi juu yake ambao tabaka la pili halishiki. Na glavu, tafadhali. Ngozi yako ikishapata mzio wa epoksi mbichi, inakufukuza kazini moja kwa moja. Ikikugusa, ipanguse kwa siki, usitumie tina.

Mihimili inayoshika mitumbwi miwili haina bolti, imefungwa kwa kamba. Nilitumia poliesta isiyovutika, si nailoni. Inazungushwa mara kadhaa, halafu mizunguko mingine inapita katikati kuikaza. Hapa mafundi walinicheka kidogo, ingawa ngalawa zao nazo zimefungwa kwa kamba. Wimbi likipita, kila mtumbwi unapanda kwa nafasi yake, na kiungo kinachotoa kidogo hakipasuki kama kilichobanwa kwa chuma.

Rangi ni nyeupe, na si kwa urembo. Jua huila epoksi isiyopakwa, na ubao uliopakwa rangi nyeusi kwenye jua la pwani hupata joto la kutosha kuilainisha. Chini nilipaka rangi ya kuzuia chaza badala ya deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta.

Katika kusi inaenda vizuri kuliko nilivyotarajia, isipokuwa kubisha, yaani kuvusha omo (pua ya chombo) kwenye upepo. Chombo chepesi kinapoteza mwendo haraka na kukwama omo ikielekea upepo. Dawa yake ni kuingia na kasi, kugeuza usukani taratibu, kulegeza demani (kamba ya kuvutia) ya tanga kubwa, na kuacha tanga dogo la mbele lishike upepo upande usio wake mpaka omo ipite. Baharia wa ngalawa, aliyezoea kuhamisha foromali (boriti ya tanga) nzima mbele ya mlingoti, anaona huo ni mchezo wa watoto.

Mwenye ngalawa mmoja ameniomba nimtengenezee matengo, vile vielea vya pembeni, ya plaiwudi, yenye mlalo uleule unaofanya maji yayainue chombo kikienda kasi. Tumekubaliana bei, na sharti langu ni moja: kipande cha plaiwudi kichemshwe kwanza.