Zaburi ya 91 niliyoituma haraka

Chuo chetu kilifungwa Machi 2020, siku chache baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza kwamba korona ni janga la dunia nzima. Wengi walikwenda makwao, wachache tukabaki bwenini. Nilikuwa kiongozi wa maombi katika ushirika wa wanafunzi, nikajitwika kazi ya kutuma neno la faraja kila alfajiri kwenye kundi letu la WhatsApp.

Siku ya kwanza nilituma Zaburi ya 91, ile isemayo tauni haitaikaribia hema yako. Zikamiminika amina. Usiku, dada mmoja wa mwaka wa pili akaniandikia pembeni: "Kaka, kwetu tauni imeingia hemani. Jana wamemzika mama mdogo. Waliruhusiwa watu kumi tu, mimi sikuwamo. Hiyo zaburi niifanyeje?"

Niliandika jibu mara tatu, nikafuta mara tatu. Mwishowe nikampigia. Nilimwuliza mama mdogo alikuwa akimwitaje utotoni. Akaniambia, kisha akalia, nami nikakaa kimya na simu sikioni karibu nusu saa. Hadi leo naamini kimya kile kilimfaa kuliko yote niliyowahi kuhubiri.

Kuanzia hapo nikageukia zaburi za maombolezo, ambazo ni nyingi kuliko tunavyozisoma ibadani. Ya 13 ina mistari sita; miwili ya mwisho ni ya tumaini na sifa, lakini minne ya kwanza ni kilio kitupu: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Niliwaambia wenzangu waseme "hata lini" bila kuona haya, kwa kuwa nayo ni sala, imo ndani ya Maandiko.

Nikamrudia pia nabii Eliya, 1 Wafalme 19. Amejilaza jangwani chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Malaika hamkemei wala hamhubirii. Anamgusa: "Inuka, ule." Eliya anakula, analala tena, anaamshwa ale mara ya pili, ndipo anaianza safari ya siku arobaini. Tulikuwa na watu waliokesha wakihangaika na masomo ya mtandaoni na mitihani isiyo na tarehe, wakishinda na mlo mmoja. Basi kabla ya neno lolote nikawa nauliza: mmelala? Mmekula? Wengine walijibu "nimekula" tu, nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Tafakari yenyewe niliifupisha ikawa ujumbe wa sauti wa dakika mbili, maana maandishi marefu hayakusomwa. Viongozi watano tuligawana majina, kila mtu apigiwe simu mara moja kwa wiki. Hili nalisisitiza kwa yeyote anayelea wanafunzi: kundi la watu mia linaweza kujaa amina huku mmoja anazama, na hutamjua mpaka umwite kwa jina.

Mwezi Juni yule dada akaomba zamu ya kusoma. Sauti yake ilikuwa ya chini, nyuma yake mtoto akilia. Alisoma Zaburi ya 13 taratibu hadi mstari wa nne, akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Hii miwili iliyobaki nitawasomea nikiweza."

Hakuna aliyemmalizia.