Jinsi tulivyowahi ukomo wa muda katika shauri la uzembe wa hospitali

Dada yangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali moja ya umma mkoani Kilimanjaro. Maumivu ya tumbo yalipokataa kuisha miezi kadhaa baadaye, alipimwa kwingine kwa altrasaundi, na alipofunguliwa tena kikatolewa kitambaa cha kufyonzea damu kilichoachwa ndani. Kuhusu uzembe wenyewe hapakuwa na ubishi mkubwa. Tarehe ndizo zilizotuhangaisha.

Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, iliyotungwa mwaka 1971, ndiyo inayoweka muda wa mwisho wa kufungua shauri mahakamani: inatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe na miaka 6 kwa madai yatokanayo na mkataba. Baadhi ya ndugu walishikilia kwamba mgonjwa aliyelipia matibabu amefunga mkataba na hospitali, kwa hiyo tusiwe na haraka. Wakili tuliyemwendea mjini Moshi aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, “Mwalimu, hoja hiyo tuiweke akiba, lakini tusiilalie. Nionyesheni kwanza karatasi zenye tarehe.”

Je, miaka 3 ianzie siku ya upasuaji au siku kitambaa kilipoonekana? Muda huanza kuhesabiwa haki ya kudai inapozaliwa, isipokuwa pale ambapo mdaiwa ameficha ukweli kwa udanganyifu. Hapo huanza mdai anapougundua, au alipoweza kuugundua kwa uangalifu wa kawaida. Kusahau kitambaa, hata hivyo, si sawa na kukificha, na udanganyifu ni mzito kuuthibitisha. Wakili akachagua tuhesabu kuanzia siku ya upasuaji, yaani tarehe iliyotubana kuliko zote, na nilimwona ana busara. Laiti aliyeumia angekuwa mtoto, muda ungemsubiri mpaka afikishe miaka 18. Dada yangu hakuwa na nafasi hiyo.

Uongozi wa hospitali ulitupokea kwa heshima, ukatuomba subira wakati ukichunguza suala hilo ndani. Tulikubali kuzungumza, lakini hatukuyaacha mazungumzo yatushikie kalenda, kwa kuwa vikao na barua za pole havisimamishi muda wa kisheria. Vivyo hivyo kwa malalamiko tuliyoyapeleka Baraza la Madaktari Tanganyika: baraza hilo husimamia nidhamu ya madaktari, nalo halichukui nafasi ya mahakama katika kudai fidia. Wakati huo huo tuliomba kwa maandishi nakala ya faili la mgonjwa, tukihakikisha barua inagongwa muhuri wa kupokelewa. Kupata faili kulichukua muda kuliko jambo jingine lolote, na bila karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini na taarifa ya upasuaji wa pili tusingeweza kuonyesha lolote.

Kwa kuwa hospitali ni ya umma, kulikuwa na sharti jingine chini ya sheria ya mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5: notisi ya siku 90 ya kusudio la kushtaki, nakala yake kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye tangu marekebisho ya mwaka 2020 lazima aunganishwe katika shauri, na shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Wakili hakutaka kubahatisha kama siku hizo zingeondolewa kwenye hesabu, hivyo akazipanga zote ndani ya ile miaka 3. Alikuwa na sababu: shauri likichelewa, mahakama hulitupa hata kama mdaiwa hakulalamika, na jaji hana uwezo wa kuongeza muda wa kufungua madai. Mwenye uwezo huo ni Waziri wa masuala ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, naye hawezi kuzidisha nusu ya muda uliowekwa. Sikupenda tufike huko.

Siku 90 zilipokwisha, hati ya madai iliwasilishwa kwa mfumo wa kielektroniki, na ada tukailipa siku hiyo hiyo ili pasiwepo mabishano juu ya tarehe ya kufungua. Kama tulivyotarajia, upande wa pili ulileta pingamizi la awali kwamba tumechelewa. Wakili wetu aliweka tarehe ya upasuaji, ya notisi na ya malipo, akamwachia jaji ahesabu mwenyewe. Pingamizi lilitupwa, na shauri sasa liko kwenye hatua ya usuluhishi.