Difu ya Eunos na mzee wa Jinja

Mwaka mzima nilikuwa naongeza sauti ya redio. Ndivyo nilivyolishughulikia tatizo la gari langu kuvuma, sitaki kujifanya shujaa.

Gari lenyewe ni Eunos Roadster ya 1990, yaani Mazda MX-5 kwa jina lililouzwa Japani. Wamarekani wanaliita Miata. Viti viwili, paa la turubai, injini ya lita 1.6 mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, yakigawiwa nguvu na difu, boksi la gia lililo katikati yake. Mke wangu analiita "kiatu", kwa sababu hilo hulipandi, unalivaa. Mimi ni mtu wa Tanga, naendesha basi hapa Leicester, Uingereza, na baada ya saa nane za kusukuma chuma cha tani kumi na kitu hakuna dawa kama kuingia kwenye kiatu.

Mvumo ulianza taratibu. Ukifika maili 40 kwa saa unasikia kitu kama nyuki ndani ya mtungi, nyuma ya kiti. Ukiachia mafuta sauti inabadilika, ukikanyaga tena inarudi. Nikasema ni tairi. Nikabadilisha tairi mbili za nyuma, sauti ikabaki. Nikasema ni beringi ya gurudumu. Nikabadilisha ya kushoto, kwa sababu masikio yangu yaliapa ni kushoto. Sauti ikabaki, na mfukoni pakabaki risiti.

Aliyenipa jibu ni jirani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, familia yake ikaishia Leicester kama nyingine nyingi. Jinja walikuwa na duka la spea. Kiswahili chake ni cha kaunta, kifupi, hakina mambo ya ngeli, na kimejaa vyuma. Siku ya kwanza nilimwamkia "shikamoo", akacheka akaniambia hiyo ni ya watu wa Tanganyika. Jioni moja nilimpa lifti kutoka sokoni. Hatukufika hata taa za kwanza.

"Kijana, difu hii nalia."

"Mzee, mimi nimebadilisha tairi na beringi."

"Beringi nabadilika kama wewe nakata kona. Difu nabadilika kama wewe naachia mafuta. Kona moja, mafuta moja. Fungua hiyo mafuta ya chini, angalia."

Sentensi nne, na zimezidi video zote nilizokuwa nimeangalia. Kweli, kona nilizikata mara elfu na sauti haikujali. Jumapili nikafungua nati ya kumwagia oili ya difu. Ile nati ina sumaku ya kunasa unga wa chuma, na unga mwembamba kama majivu ni kawaida kwa gari la miaka yote hiyo. Langu lilikuwa na vipande. Nilivishika kwa vidole, vina kingo.

Wasomaji wa nyumbani wataniuliza kwa nini sikupeleka gereji. Nilipeleka. Gereji moja, jina silitaji, ilinitajia bei ambayo ingenunua nusu ya gari, na tena wangenirudishia difu ileile ya ukubwa uleule. Nami nilikuwa nimeshaanza kusoma, na kusoma ndiko kunakomfilisi mtu.

Eunos za lita 1.6 za mwanzo zina difu ndogo: krauni yake, ile gia kubwa ya duara, ina kipenyo cha inchi 6. Nyingine zilikuja na kitu cha kuzuia gurudumu moja lisizunguke peke yake, aina ya viscous, ambacho ndani yake kuna majimaji ya silikoni. Majimaji hayo yakizeeka, kitu kizima kinageuka difu ya kawaida: tairi moja ikiteleza, nguvu yote inakwenda kwa aliyeteleza. Zilipokuja injini za 1.8 mwaka 1993, Mazda waliongeza krauni ikawa ya inchi 7, na wengine wakapewa kizuizi cha aina nyingine, Torsen. Torsen haitegemei majimaji. Ni gia tupu zinazobanana kadiri nguvu inavyotofautiana kati ya magurudumu mawili, kwa hiyo haizeeki kwa namna ile. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kuifunga kwenye 1.6 huchukui difu peke yake. Unachukua na draivu shafti mbili zinazokwenda magurudumuni na propela shafti ya 1.8 inayotoka giaboksi, maana za kwako hazitaoana.

Nikazipata kwa mtu aliyekuwa anachinja gari lililogongwa mbele. Pauni 480 kwa vyote. Kabla sijatoa hela nilifanya kitu kimoja ninachojivunia: niliweka alama ya chaki kwenye flenji ya propela, nikamwomba anisaidie kuzungusha shafti zote mbili kwa pamoja mzunguko mmoja, nikahesabu. Mara nne na kidogo tu. Hiyo ni 4.1, meno 41 ya krauni kwa 10 ya pinioni, gia ndogo inayoizungusha. Langu la zamani lilikuwa 4.3. Tofauti hiyo iwekeni akilini, ilikuja kunidai baadaye.

Nilichagua Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, uamuzi wa mtu asiye na akili. Nyumba yetu ina kiwanja kidogo cha zege mbele, kimeinama kuelekea barabarani. Niliweka magogo kwenye tairi za mbele, nikainua nyuma kwa jeki, nikaweka stendi nne ingawa mbili zingetosha, kisha nikalisukuma gari kwa bega kutoka kila upande kabla sijaingiza kichwa chini. Uvunguni mwa gari sitaniwi.

Kitu cha kwanza nilichofungua ni nati ya kujazia oili, kwenye difu mpya, ikiwa bado iko chini sakafuni. Mzee alinisimamia hadi nikaifungua. Ukishafunga difu juu halafu ukakuta nati ya kujazia imeganda, una difu kavu na huna pa kumimina.

Halafu ikaja chumvi. Tanga chumvi ya bahari inakula mabati, tunajua, tumeizoea. Sikujua kwamba kuna nchi inanunua chumvi, inaipakia kwenye malori na kuimwaga barabarani kwa makusudi kila baridi ikija ili barafu isigande. Gari lililokaa Japani lilikuja hapa likiwa safi, na baridi za Uingereza zikalipika. Ijumaa usiku nilishapuliza mafuta ya kulegeza kutu kila bolti niliyoiona. Nati mbili za ekzosi zilikatika hata hivyo, laini kabisa, kama karoti.

Nati kubwa za habu, kitovu cha gurudumu, zile za milimita 29, nilikuwa nimezilegeza gari likiwa bado chini, maana zinafungwa kwa nguvu ya zaidi ya newton-mita 200 na gari lililo hewani halifai kuvutana nalo. Nilichomeka bomba la pazia kwenye mkono wa spana. Bomba likapinda. Nikaazima la mzee, la maji, la zamani, zito. Nati ikalia kama mlango wa jela, ikatii.

Ili shafti itoke lazima habu isogee nje. Vitabu vinakuambia ufungue bolti ndefu ya chini, ile inayopita katikati ya habu na mkono wa chini. Hiyo bolti kwenye magari ya hapa imeoana na bushi zake, haitoki bila moto au msumeno. Niliipiga nyundo kama dakika 20. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini, kikombe cha chai mkononi.

"Acha hiyo. Fungua ya juu. Fupi. Hii yote nalala nje."

Nikafungua ya juu, habu ikainama kuelekea nje kama mtu anayeinamia kisima, shafti ikachomoka. Dakika 20 za nyundo hazirudi.

Sasa sehemu ambayo gari hili linatofautiana na Mark II au Altezza ya kwetu. Giaboksi ya Eunos haina mkono wake wa kuibebea nyuma. Kuna boriti ndefu ya alumini inayoitwa PPF, imeunga giaboksi na pua ya difu moja kwa moja, hivyo injini, giaboksi na difu ni kama kitu kimoja kilichoshikwa ncha zote mbili. Ndiyo maana ukikanyaga mafuta gari linajibu papo hapo. Na ndiyo maana ukifungua bolti mbili za boriti kwenye difu bila kuweka jeki chini ya giaboksi, giaboksi inashuka. Niliweka jeki na kipande cha ubao. Bolti moja ilitoka, ya pili ilitoka na kuacha kikombe chake cha chuma kimekwama ndani ya alumini. Nilichomeka bolti nyingine nene, nikawa nazungusha huku navuta chini, hadi kikateremka na mchanga wa miaka thelathini ukanimwagikia machoni.

Difu yenyewe? Nati mbili, moja kila sikio, na ikashuka juu ya jeki. Dakika kumi. Saa sita za kazi na difu ilichukua dakika kumi.

Mpya ikapanda giza limeshaingia, mwanangu ameshika tochi na kulalamika jinsi nilivyokuwa nikimlalamikia mjomba Tanga nilipokuwa nashika tochi mimi. Difu ya inchi 7 ni nzito zaidi. Haifikii mfuko wa sementi, ila mfuko wa sementi huuinui ukiwa umelala chali. Oili lita moja, 75W-90 ya GL-5, nilimimina kwa bomba hadi ikaanza kutiririka kwenye tundu la kujazia, ndiyo ishara kwamba imejaa.

Jumapili asubuhi nikalijaribu. Mvumo hakuna! Nilizima redio kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. Maili 40, kimya. Maili 50, kimya. Maili 60, sakafu nzima ikaanza kutetemeka hadi kioo cha katikati kikawa kinaonyesha magari mawili mawili.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshajifungia hukumu kwamba nimeuziwa propela iliyopinda. Haikuwa hivyo. Nilipoifunga ile boriti niliikaza pale pale ilipokaa, giaboksi ikiwa imeshuka kidogo kwenye jeki iliyokuwa inavuja pumzi usiku kucha. Pembe ya propela ikawa mbaya. Kitabu cha warsha kina kipimo cha urefu kati ya boriti na bodi. Mimi ukurasa huo niliuruka kwa sababu ulikuwa na mchoro tu. Jumamosi iliyofuata nikalala tena chini, nikalegeza ncha zote mbili, nikainua giaboksi hadi kipimo kikakubali, nikakaza. Mtetemo ukaisha.

Ile 4.1 sasa. Spidomita ya gari hili inachukua mzunguko kutoka giaboksi, siyo magurudumuni. Difu ikiwa na namba ndogo zaidi, 4.1 badala ya 4.3, propela inazunguka mara chache kwa mwendo uleule, na mshale unasema uongo wa kupunguza: ukienda maili 70 za kweli unaonyesha kama 67. Sheria ya hapa inaikubali spidomita inayozidisha kidogo, inayopunguza haikubaliki, na kamera za barabarani hazina habari na difu yako. Mimi leseni ndiyo sahani yangu ya wali. Dawa ni kigia kidogo cha plastiki kinachochomekwa ubavuni mwa giaboksi, kile cha 1.8. Kina bei ya chakula cha mchana cha watu wawili na kilichukua robo saa. Hadi kilipofika kwa posta niliendesha nikiwa na simu ya ramani kwenye dashibodi, kama teksi.

Kuhusu Torsen yenyewe, watu wanapenda kuulizia kona. Kwenye mvua, ukitoka kona ukakanyaga mapema, zamani tairi ya ndani ilikuwa inapiga kelele na gari halisogei. Sasa nyuma yote inakaa chini na kusukuma. Hilo tu. Haligeuki kuwa gari jingine.

Wiki jana tuliifungua difu ya zamani, mimi na mzee, mezani kwake juu ya magazeti ya Kigujarati. Meno ya krauni yalikuwa mazuri kuliko nilivyotegemea. Beringi ya pinioni ndiyo iliyokuwa imekufa, njia yake imechimbika vishimo, na pinioni imeanza kucheza. Mzee aliizungusha mkononi muda mrefu, akaisogeza karibu na taa, akahesabu meno kwa Kigujarati kwa sauti ya chini. Kisha akaniuliza kama naihitaji.

Nikamwambia hapana. Akaiosha kwa mafuta ya taa, akaipangusa kwa leso yake, na sasa iko dirishani kwao, kati ya picha ya harusi na chungu cha mtulasi. Nikitoka zamu ya usiku naiona inang'aa.