Kilo Ambazo Hazikuliwa

Katika msimu wetu wa kwanza kwenye shamba la kujitolea tulikuwa na mizani moja na daftari moja, na kila kreti ilipimwa na kuandikwa kabla ya kupelekwa mahali ambapo familia zilizopungukiwa chakula huja kuchukua mgawo wao. Mimi ndiye niliyetunza daftari hilo, na nakiri kwamba jumla ya kilo ilinipa fahari kuliko ilivyostahili. Mizani hupima kinachotoka shambani. Kinachofika tumboni haikijui.

Mboga za majani ndizo zilizotufunza kwanza. Tulivuna Jumamosi, kwa kuwa ndiyo siku ambayo wengi wanaojitolea hupata nafasi, ilhali mgawo ulifanyika Jumanne. Jani lililokatwa bado ni kitu hai: huendelea kupumua, hutumia sukari iliyomo ndani yake na hupoteza maji ambayo hakuna mzizi wa kuyarudisha, na kadiri joto linavyozidi ndivyo linavyochakaa upesi. Kufikia Jumanne sehemu kubwa ya mboga zetu zilikuwa zimenyauka, nyingine zimegeuka njano, na zikarudi kwenye lundo letu la mboji. Katika daftari, hata hivyo, zilibaki zimeandikwa kuwa ni kilo tulizogawa.

Tulihamishia mavuno ya majani alfajiri ya siku yenyewe ya mgawo, wakati mmea umejaa maji baada ya ubaridi wa usiku, tukawa tunayatumbukiza katika maji safi ya baridi ili kuyatoa joto la shambani, kisha tunayaweka kivulini na kuyafunika kwa kitambaa chenye unyevu. Tatizo likawa watu. Siku ya kupanda miche hujaa hadi majembe hayatoshi, lakini alfajiri ya siku ya kazi tuliwapata wanne tu. Kwa hiyo tulipunguza matuta ya mboga hadi kiasi ambacho watu wanne wanaweza kukivuna kwa saa mbili, na nafasi iliyobaki tukayapa mazao yanayoweza kusubiri: vitunguu, maharage ya kukausha, maboga, na viazi, ambavyo navyo lazima vikae gizani, kwa sababu mwanga huvigeuza kijani na kuongeza sumu ya solanini.

Hapo nikadhani tumefika, hasa kwa kuwa maboga hupandisha jumla ya kilo kwa namna ya kuvutia sana. Boga lililokomaa vizuri, likaachiwa kikonyo chake na kukaushwa ngozi, hukaa miezi kadhaa bila kuoza. Lakini siku moja bibi mmoja anayeishi peke yake alilitazama boga nililomkabidhi, akanirudishia. “Mwanangu,” aliniambia, “mikono yangu hii haina nguvu ya kulipasua, na nikilipasua nitakula robo, lililobaki litaharibika. Huna dogo?” Sikuwa nalo. Tulikuwa tumechagua mbegu za maboga makubwa, tena kwa kujigamba.

Tangu hapo hupanga msimu tukianzia jikoni kwa anayepokea, ndipo turudi shambani. Huuliza ni wangapi walio na sufuria moja tu, ni wangapi hawana friji, na ni nani anayepika kwa ajili ya mtu mmoja. Huo ndio uhuru wa shamba, nao ni uhuru mkubwa. Benki ya chakula aliyoianzisha John van Hengel mwaka 1967 huko Phoenix, Marekani, ambayo hutajwa kuwa ya kwanza duniani, ilijengwa juu ya wazo la kuokoa chakula ambacho kingetupwa; ni wazo jema, ila anayeokoa hupokea kilichobaki, naye hana sauti katika kuchagua kilichopandwa. Sisi tunayo sauti hiyo tangu siku ya kununua mbegu, na kuitumia kwa ajili ya mizani ni kuipoteza.

Jambo jingine ambalo mizani hailioni ni usalama. Miongoni mwa wanaokula mazao yetu kuna wazee, wagonjwa na watoto wachanga, ambao vimelea vya samadi mbichi vinaweza kuwadhuru vibaya. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka zipite siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa lisilogusa. Tumeifuata kanuni hiyo kwa ukali, ingawa baadhi ya wenzetu waliona tunachelewesha mambo, na mara moja tuliacha matuta mawili bila zao la kuliwa mbichi kwa sababu hakuna aliyekumbuka samadi iliwekwa lini. Sasa kila tuta lina kibao chenye tarehe.

Daftari ninalo bado. Nimeongeza safu ya pili, ya vilivyobaki mezani baada ya mgawo, na ya tatu, ya vilivyorejeshwa pamoja na sababu. Jumla ya kilo za msimu huu ni ndogo kuliko ya mwaka ule wa kwanza, na safu ya pili, kwa majuma matatu mfululizo, ina sifuri. Katika safu ya tatu yamo maandishi mamoja tu: vitunguu, kreti moja, vilivunwa kabla shingo hazijakauka. Kosa hilo lilikuwa langu.