Simu ambazo hakuna anayetaka kuzipokea

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kupiga simu. Nilikuwa kitengo cha magonjwa ya zinaa kwenye jiji kubwa, kila asubuhi nafungua kompyuta nakuta majina ya watu ambao majibu yao yametoka maabara jana yake, huyu kaswende, huyu kisonono, mwingine vyote viwili, na natakiwa nimtafute huyo mtu, nihakikishe katibiwa, halafu nimuombe kitu kigumu kuliko hata sindano yenyewe, yaani aniambie amelala na nani.

Watu wakisikia habari za kudhibiti magonjwa ya zinaa mjini wanawaza mabango na kondomu za bure. Vipo, na vinasaidia, mi sivibezi. Ila ugonjwa wenyewe unakatwa kwenye simu kama zile, mtu mmoja mmoja.

Kaswende ndo iliyonifundisha kazi. Kidonda chake hakiumi, hakiumi kabisa, na kinaweza kujificha ukeni au njia ya haja kubwa au hata mdomoni, mwenyewe haoni kitu, baada ya wiki 3 mpaka 6 kinapona bila dawa yoyote na mtu anajua yamekwisha kumbe ugonjwa ndo kwanza unaenea mwilini. Toka kuambukizwa mpaka kidonda kitokee ni siku 10 mpaka 90, wengi inakuwa kama wiki ya 3 hivi. Ndo maana mtu akija na kidonda tunamuuliza wenza wake wa miezi 3 kabla ya kidonda, na akija na vipele vya viganjani na nyayoni, ile hatua ya pili, tunarudi nyuma miezi 6. Sasa jaribu wewe kukumbuka miezi 6 mbele ya mtu usiyemjua, tena anaandika. Nilijifunza kuweka kalamu chini kwanza.

Kitu kimoja wengi hawakijui na kimeniletea ugomvi mwingi: ukiwa umelala na mwenye kaswende changa ndani ya siku 90 zilizopita, unachomwa sindano hata kama kipimo chako kimetoka safi. "Mnanichomaje wakati sina ugonjwa?" Swali la haki kabisa. Kipimo cha damu kinatafuta kinga ambazo mwili umetengeneza, na mwili unachelewa kuzitengeneza, kwa hiyo leo unaweza kuonekana huna na wiki mbili mbele una kidonda na umeshampa mwingine ambaye naye hajui. Ukichomwa leo ile penisilini inayokaa mwilini muda mrefu, ugonjwa unaishia kwako. Ilikuwa ikinichukua dakika 20 kumuelewesha mtu mmoja na sikuwahi kuziona dakika hizo kuwa nyingi. Ila kuna swali moja sikulijibu hata siku moja, hata nilipoulizwa kwa machozi, nani kamletea nani.

Halafu kumbukumbu. Jiji lisilotunza rekodi za kaswende linahangaika bure, kwa sababu kuna aina ya kipimo ambacho mtu akishaugua mara moja kinaweza kuendelea kusoma kwamba anayo maisha yake yote, hata kama alitibiwa akapona miaka 15 iliyopita. Daktari mpya anaona majibu anashtuka, anamchoma upya, mtu anaondoka na hofu, pengine na ndoa imevunjika. Kinachosaidia ni kipimo kile kingine chenye namba, moja kwa 4, moja kwa 32 (ile ya pili ikiwa kubwa maana yake kinga kwenye damu ni nyingi), ambacho kawaida kinashuka mtu akitibiwa, so kama rekodi ya mwaka juzi inasema moja kwa 4 na leo kasoma moja kwa 32 unajua kapata upya na simu zinaanza. Bila ile namba ya mwaka juzi, ya leo peke yake haikwambii mengi. Nilishakaa nusu siku natafuta rekodi ya mama mjamzito kwenye kituo kimoja ambacho makaratasi yake yalikuwa kwenye maboksi, na mjamzito hasubiri, maana matibabu yanatakiwa yaanze angalau siku 30 kabla hajajifungua ndo tuseme mtoto kakingwa vizuri. Yule mama alikuwa wiki ya 33. Tulimpata jioni ile ile.

Namba kubwa kubwa nazo zina maana yake, Shirika la Afya Duniani linakadiria kila siku watu wazima wa miaka 15 mpaka 49 wanapata maambukizi mapya zaidi ya milioni 1 ya magonjwa ya zinaa yanayotibika, na kwa mwaka 2020 walikadiria milioni 374, hapo ni klamidia, kisonono, kaswende na trikomona tu. Lakini ukiona takwimu za jiji zimepanda usikimbilie kusema watu wameharibika. Klamidia kwa wanawake wengi haina dalili, kwa hiyo inaonekana pale inapotafutwa, ukiongeza kupima wagonjwa wanaongezeka kwenye karatasi. Mwaka 2020 wakati wa korona sehemu nyingi klamidia iliyoripotiwa ilishuka, kliniki zilifungwa, wahudumu wakahamishiwa korona, mtu akiitazama ile grafu bila kujua hilo atashangilia kitu ambacho hakikutokea.

Kisonono hofu yake ni nyingine, usugu. Salfa zilishindwa, penisilini ikashindwa, tetrasaiklini, siprofloksasini, sasa tunaegemea sindano ya seftriaksoni. Marekani toka 1986 wana mpango ambao kliniki zilizochaguliwa kwenye miji mbalimbali zinachukua sampuli za wanaume 25 wa kwanza kila mwezi wenye kisonono cha njia ya mkojo, zinaoteshwa maabara kuona dawa gani bado inaua. Naupenda sana huo utaratibu kwa sababu hauhitaji kumpima kila mtu mjini, unahitaji tu usikose mwezi.

Ila yote haya yanasimama kwenye kitu kimoja, mtu akuamini. Mwaka 1934 daktari Thomas Parran, aliyekuwa kamishna wa afya wa jimbo la New York, alizuiwa na redio kutamka neno kaswende hewani, kipindi chake kikafa hapo hapo. Na huko huko Marekani kuanzia 1932 mpaka 1972 maofisa wa afya waliwafuatilia wanaume weusi 399 wenye kaswende kule Tuskegee bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kuwa dawa ya kawaida miaka ya 40. Waliwafuatilia! Neno lile lile tunalotumia sisi. Kwa hiyo mtu akikata simu yangu sikumuita mbishi, nilipiga tena kesho, nikataja jina langu kwanza, nikamuuliza kama yuko sehemu anaweza kuongea, na ugonjwa sikuutaja mpaka nihakikishe ni yeye. Jina la aliyemtaja halitoki mdomoni mwangu hata akinibahatisha kwa usahihi.

Siku hizi ugumu umeongezeka maana watu wanakutana mtandaoni na wanachojuana ni picha na jina la bandia. Hata hilo sio jipya, 1999 kule San Francisco kaswende iliibuka kwa wanaume waliokutana kwenye chumba kimoja cha kuchati na maofisa wa afya wakajikuta wanafuatilia majina ya bandia badala ya namba za simu. Njia iliyonisaidia mimi ni kumuacha mgonjwa mwenyewe atume meseji huku mi nimekaa pembeni, tunaiandika pamoja, fupi, bila lawama, na mahali pa kwenda.

Kuna kaka mmoja alinitajia wenza 11. Wanne tu walikuwa na namba za simu. Nilikuwa nimeshafunga faili lake kwa wale saba wengine, nimeandika hawajapatikana, ikapita kama wiki tatu, simu ya mezani ikalia.

"Dada, yule wa saba nimempata. Nimemueleza kila kitu, tumekaa naye hapa. Mnafunga saa ngapi?"

Nikamwambia saa 10, lakini waje tu, nitawasubiri.