Tundu kwenye boriti ya chuma na zege: angalia urefu kabla ya kina

Mchoro wa dakti (mfereji wa hewa unaopita ndani ya boriti) ukifika, swali la kwanza huwa tundu lina kina gani. Kina kina mipaka yake, ndiyo: duara lisizidi 0.8 ya kimo cha boriti, mstatili usizidi 0.7, na kimo cha kipande cha T kinachobaki juu au chini ya tundu kisipungue unene wa flanji (bamba pana la juu au la chini la boriti) ukijumlisha milimita 30. Lakini boriti nyingi zinakwama kwa sababu ya urefu wa tundu na mahali lilipokaa.

Boriti iliyofungwa na slabu inabeba momenti, yaani msukumo wa kuipinda, kwa flanji ya chini inayovutwa na zege la juu linalogandamizwa. Webu, bamba la wima la katikati, inachangia kidogo tu hapo, kwa hiyo ukiitoboa momenti kuu haiumii sana. Kinachosumbua ni nguvu ya mkato, ile inayotaka kuikata boriti wima: lazima ivuke tundu, na njia iliyobaki ni T ya juu na T ya chini. Kila T inapinda kwenye ncha zake mbili, na tundu la mstatili linataka kugeuka msambamba. Ndiyo tabia ya madaraja yasiyo na vyuma vya mshazari aliyoyasanifu Mbelgiji Arthur Vierendeel, na jina lake limebaki kwenye momenti hiyo. Ukubwa wake ni mkato mara urefu wa tundu.

Chukua IPE 500 (boriti ya umbo la I yenye kimo cha milimita 500) ya daraja la chuma S355, mita 12 kati ya maegemeo, mzigo wa usanifu 36 kN (kilonyutoni) kwa mita, slabu ya milimita 130 juu ya bati la mawimbi. Mkato kwenye egemeo ni 216 kN. Mita 3 ndani umeshuka hadi 108. Weka hapo tundu la mstatili, urefu milimita 500 na kina 300, katikati ya webu. Kwa mkato wenyewe hakuna shida: webu iliyobaki juu na chini inabeba zaidi ya 300 kN. Momenti ya Vierendeel ni 108 × 0.5 = 54 kNm. T moja ina uwezo wa kama 19 kNm, ila ya chini inavutwa kwa karibu 840 kN, na mvutano huo unaushusha uwezo wake hadi 13 hivi. Kona nne kwa jumla: 2 × 19 + 2 × 13 = 64. Inapita, kwa shida.

Sasa badilisha liwe duara la kipenyo hichohicho cha 300. Kwa hesabu ya Vierendeel, urefu wake ni 0.45 tu ya kipenyo, yaani milimita 135, na momenti inashuka hadi 14.6 kNm. Fundi wa dakti akikubali bomba la duara, umeokoa bamba la kuimarisha na kazi ya kulichomelea. Mstatili uleule ukiusogeza hadi mita 1.5 kutoka kwenye egemeo, mkato ni 162 na momenti 81; mvutano wa T ya chini umepungua, lakini kona nne bado zinafika 73 tu. Hapo utategemea msaada mdogo wa slabu au uongeze bamba la kuimarisha.

Ile 64 nayo ina mtego. Zege haliwezi kugandamizwa kwa 840 kN kama studi (pini za chuma zinazochomelewa juu ya boriti ili ishikane na slabu) hazijalipatia nguvu hiyo, na zinazohesabika ni zile zilizo kati ya egemeo na tundu, si za boriti nzima. Studi moja kila milimita 300 ni 10 ndani ya mita 3. Zikibeba kama 70 kN kila moja, ni 700. Zile 140 zilizobaki zinaangukia T ya juu kama mgandamizo, na uwezo wake wa kupinda unapungua. Ongeza studi upande wa egemeo kabla hujafikiria boriti nzito zaidi.

Matundu mawili yakikaribiana, webu iliyo katikati yao inakuwa kama nguzo fupi. Tofauti ya mvutano wa T ya chini kati ya tundu moja na jingine inapita humo kama mkato wa mlalo, na webu nyembamba inabetuka, yaani inajikunja ghafla, kwa umbo la S. Kati ya mistatili acha nafasi isiyopungua urefu wa tundu lililo refu zaidi. Kati ya maduara, 0.3 ya kipenyo.

Usisahau siku ya kumwaga zege. Likiwa bichi halisaidii chochote: T ya juu ndiyo inabeba mgandamizo wote, na boriti inaweza kubetuka pembeni. Bati lililokatiza boriti na kufungwa juu yake huizuia. Mawimbi yakienda sambamba na boriti, usilihesabu kama kizuizi.

Kona za mstatili zichongwe mviringo, nusu kipenyo isiyopungua mara mbili ya unene wa webu wala milimita 15. Kona kali iliyokatwa kwa gesi, mwali ukapitiliza kidogo, ndipo ufa unapoanzia. Papitishe grainda hadi alama iishe. Mabamba ya mlalo ya kuimarisha yapite ncha za tundu kila upande kwa angalau robo ya urefu wake, maana yakiishia kwenye kona hayana pa kushika.

Tundu likiombwa baada ya slabu kukauka, weka jeki chini ya boriti, chomelea mabamba kwanza, kisha ndipo ukate.