Nilivyokula mkunga Narita bila pombe

Wengi wanaopitia uwanja wa ndege wa Narita, Japani, hawafiki mjini kwenyewe, na ni dakika kama kumi tu kwa treni. Mimi nilikuwa na saa saba za kusubiri ndege na hamu moja: kula unagi, yaani samaki mkunga wa Kijapani, kwenye barabara ya Omotesando inayoteremka hadi hekalu la Naritasan.

Shida ilikuwa mchuzi. Mkunga huchovywa kwenye tare, na tare ni soya, sukari na mirin, pombe tamu ya mchele. Mimi pombe siitumii, hata ya kupikia. Mwenyeji wangu wa Tokyo ndiye aliyenipa njia. Kumbe mkunga huchomwa kwanza mtupu, kisha hupikwa kwa mvuke, ndipo huchovywa na kurudishwa motoni. Ukiagiza shirayaki, unaletewa asiyepakwa tare kabisa. Akaniandikia kwa Kijapani kwenye kikaratasi: mgeni huyu hatumii pombe, tafadhali msitie mirin wala sake, pombe ya mchele.

Mbele ya duka mafundi walikuwa wakipasua mikunga wakiwa hai: msumari wa kichwa kwenye ubao, kisu kinapita mgongoni, kufumba na kufumbua kazi imekwisha. Huko Osaka hupasua tumboni. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Mama aliyenipokea alikisoma kikaratasi mara mbili, akaingia jikoni, akarudi na majibu kamili. Shirayaki ipo. Wali mweupe upo. Supu ya maini ya mkunga ina sake, hiyo niiache. Nilimshukuru kwa moyo wote, maana angeweza kuniitikia tu ili yaishe.

Nilingoja kama dakika arobaini, nikinywa chai na kunusa moshi wa makaa. Mkunga alikuja amekatwa vipande, na wasabi, kiungo kikali cha kijani, na chumvi pembeni. Ngozi imekauka kidogo, nyama laini inameguka kwa vijiti, mafuta mengi lakini hayakinaishi. Kwa sisi tuliokulia changu wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, huo ndio ulaji wa samaki: unamwonja mwenyewe.

Sikuagiza sahani ya pili, ingawa nilitamani. Tangu 2014 mkunga huyu yumo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe walio hatarini kutoweka. Ile moja niliila taratibu mpaka kipande cha mwisho, kisha nikawahi treni.